Jina la Octave kwenye Ukuta

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asije akanikatiza katikati akiuliza nani alianza. Ni mimi, Victoire, fundi wa nguo wa mtaa wa Doornfontein, mji mmoja na Soweto, mwenye mdomo mrefu na subira fupi. Nilijaza fomu.

Fomu yenyewe ililetwa kanisani Jumapili moja ya mwezi wa tano. Mji, wakasema, unajenga ukuta wa kumbukumbu ya watu waliokufa na Korona. Majina yatachongwa kwenye jiwe, siku ya kuufungua yatasomwa moja moja, na wakubwa wa serikali watakuwepo. Wageni nao wamo, mchungaji akasisitiza, maana ugonjwa haukumuuliza mtu pasipoti. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoulizwa pasipoti kila wanapokohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

Niliandika jina la mume wangu, Ezéchiel Wilondja. Niliandika kwa herufi kubwa, nikabonyeza kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka, kwa sababu miaka mitano nilikuwa sijaliandika mahali popote. Halafu pale chini wakauliza namba ya kaburi. Namba ninayo kichwani, sihitaji kuitafuta. Nikaijaza nayo. Hapo ndipo nilipotuchoma sote.

Lakini mnisikilize kabla ya kunilaumu. Kanisani kwetu kuna desturi tuliyokuja nayo kutoka Baraka, kule ziwani Kongo. Kilio kikiisha, siku ya kuondoa matanga, mzee wa kanisa anasimama na kuliita jina la marehemu, lote zima, na familia inaitika pamoja: Alikuwa wetu. Ni maneno mawili tu. Baada ya hapo watu wanakula, mjane anafungua kitambaa cha kichwani, na maisha yanaendelea. Ezéchiel hakuitwa. Mwanzo ilikuwa marufuku kukusanyika. Baadaye waliporuhusu, shemeji yangu Octave alikuja akaniambia kwa upole, Mama Shekinah, tungoje kidogo, watu watauliza kaburi liko wapi, watataka kwenda kuliona. Tukangoja. Mpaka leo sijafungua kitambaa, na wateja wangu wanadhani ni mtindo.

Simu ililia Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa sita. Nilikuwa nakata kitenge cha bibi harusi.

"Habari yako, mama. Naitwa Kagendo. Niko kwa kampuni inasaidia mji na hii mambo ya ukuta." Mkenya, nikajua kabla hajamaliza. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu anayefanya kazi mahali penye zulia. "Nimeona fomu yako nikasema huyu tutaongea Kiswahili. Sasa, kuna kitu hapa haishikani. Wewe umeandika Ezéchiel Wilondja. Lakini hiyo namba ya kaburi umetupea, kwa rejista ya makaburi inasema Octave Wilondja. Ni nani yuko hapo ndani?"

Mkasi ukaenda upande. Kitenge cha watu nikakiharibu hapo hapo, kuanzia kiunoni mpaka pindoni.

"Pengine ni ndugu wawili?" akanisaidia.

"Ni ndugu," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli.

"Na walikufa wote?"

Nikaweka mkasi chini. Akashusha sauti, akaniambia si jambo gumu. Niende kituo cha polisi, niandike kiapo, niseme nani amezikwa pale, nimpelekee karatasi kabla ya Ijumaa. Wachongaji wanaanza Jumamosi. "Ikikosa kufika, tutaacha vile rejista inasema. Sitaki kukuharakisha, mama, lakini orodha inapitishwa na watu wa Mambo ya Ndani. Hao hawanisikizi mimi."

Aliposema Mambo ya Ndani, hao wanaotoa na kunyang'anya karatasi zetu, nilikaa juu ya kitenge.

Sasa niwaambie Octave ni nani, kwa maana Octave hajafa. Octave analinda geti la maghala kule Midrand, anavaa sare ya buluu, na kila Jumapili anakula ugali mezani kwangu na kulalamika kwamba sombe yangu ya majani ya muhogo haina chumvi. Yeye na marehemu Ezéchiel baba zao ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili walipewa jina la babu, Wilondja, na wote wawili walipewa sura ya babu, paji lile lile la uso na masikio yale yale ya kusimama. Tofauti yao ilikuwa karatasi. Octave alikubaliwa ukimbizi. Ezéchiel alikataliwa, na ile karatasi aliyobaki nayo ilikuwa na mhuri wa kumwambia aondoke nchini.

Kwa hiyo homa ilipomshika, mwezi wa saba mwaka ishirini na moja, mume wangu aliiogopa hospitali kuliko homa. Siku tatu alikataa. Siku ya nne midomo ikabadilika rangi, na akawa anavuta hewa kwa mabega. Octave alikuja na gari la rafiki yake, tukambeba. Getini kulikuwa na foleni ya wagonjwa mpaka barabarani, na dirishani nesi anauliza kitu kimoja tu, karatasi. Octave alikuwa na yake ndani ya koti, nzima, haijaisha muda. Mimi ndiye niliyeingiza mkono ndani ya koti lake. Sikumwomba ruhusa. Niliichomoa, nikaipitisha dirishani, nikasema, huyu anaitwa Octave Wilondja. Mgonjwa alikuwa na barakoa, picha ilikuwa ndogo, na yule nesi alikuwa amechoka mpaka macho yamevimba. Wakampokea, karatasi wakanirudishia. Nilimshukuru Mungu. Nilijiona mjanja, mjinga mimi.

Siku ya sita walipiga simu, wakauliza kama mimi ni mtu wa Octave. Octave alikuwa amesimama jikoni kwangu anachemsha chai. Nikasema ndiyo. Wakaniambia Octave amefariki alfajiri, na mimi nikawa namtazama Octave akitia sukari kwenye kikombe, vijiko vitatu, kama kawaida yake.

Tulizika tukiwa watu wanne, kwa mbali, na jeneza limefungwa nailoni. Kibao kilikuwa tayari kimechomekwa. Octave alikisoma, akavua kofia, akaivaa tena.

Tangu hapo tunaishi hivyo. Kompyuta ya wakimbizi na rejista ya makaburi hazijuani, na sala yetu ni kwamba zisije zikajuana. Kila Octave anapokwenda kufanya upya karatasi yake, mimi silali usingizi, naye hali chakula. Brigitte wa saluni anamngoja mwaka wa tatu huu, msichana mzuri, mvumilivu, hajui kwa nini mtu wake anakwepa kuandikisha ndoa. Anaogopa wakitafuta jina lake wakute ameshakufa. Na Ezéchiel wangu? Ezéchiel kwa serikali hajafa kabisa. Ukifungua vitabu vyao utamkuta mkimbizi aliyekataliwa na kutoroka. Mwanaume aliyekuwa haazimi hata sindano bila kuirudisha, ameandikwa mtoro.

Ndiyo maana niliandika jina lake. Basi.

Octave nilimwambia jioni ile ile, akitoka zamu, bado na sare. Nilimwambia yote kwa mkupuo, fomu, namba, Mkenya, Mambo ya Ndani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kofia magotini.

"Mama Shekinah," akasema, "ile mara ya kwanza uliniua ili umwokoe kaka. Hiyo nilielewa. Sasa hii ya pili ni ya nini?"

"Nilitaka jina lake lisomwe."

"Karatasi yangu inaisha tarehe kumi na tatu. Unajua? Jumatatu ya tarehe kumi na tatu natakiwa dirishani kwa Mambo ya Ndani. Jumamosi ya kabla yake, tarehe kumi na moja, mnanisoma mbele ya wale wale."

Nilitaka kumfokea, kwa maana mimi nikiogopa ninafoka. Lakini alikuwa anaizungusha ile kofia magotini kama usukani, na sauti yote ikaniisha. Kisha akasema neno lililonikata kuliko lawama.

"Ukitaka kuandika hicho kiapo, andika. Ni kaka yangu. Alinitoa Baraka mgongoni, mais oui, naam, mgongoni kabisa, mguu wangu ulikuwa umevunjika. Andika. Mimi nitaenda kwa Brigitte nimwambie asiningoje."

Alipoondoka nikafunga mlango kwa komeo mbili na kusukumia meza.

Nataka mwelewe woga wetu ni wa namna gani. Mtaani kwetu siku hizi ukienda kliniki unakuta vijana mlangoni, si madaktari wala polisi, wanakuuliza kitambulisho na kukurudisha na mtoto wako mwenye homa. Gari la polisi likisimama pale kwenye robot, zile taa za barabarani, saluni nzima inanyamaza, na wenye nywele nusu zimesukwa wanainuka kutoka kwa mlango wa nyuma. Miguu ikipanda ngazi za jengo letu ninaihesabu. Ikipita mlango wangu ninaendelea kushona. Wiki ile niliihesabu yote, kila mguu, na kila mguu ulikuwa wa Mambo ya Ndani.

Alhamisi nilikwenda polisi. Ndiyo, nilikwenda. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikaweka mkobani cheti chetu cha ndoa cha Baraka chenye jina la Ezéchiel. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Aliyezikwa pale ni mume wangu. Kosa ni langu. Octave hana hatia. Nilipanga foleni. Mbele yangu kulikuwa na mama aliyeibiwa simu, na ukutani picha za watu wanaotafutwa. Nilizitazama zote, nikijua ni upuuzi, nikitafuta masikio ya kusimama.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, wakapitishwa wanaume sita wamefungwa kwa kamba za plastiki mikononi. Mmoja alikuwa na futi ya fundi bado inaning'inia shingoni. Walimkamata kwenye meza yake ya kazi. Hakuna aliyekuwa anawapigia kelele, hakuna aliyewasukuma, walipita tu kimya, na yule wa futi alinitazama akajua kuwa mimi ni wa wapi.

"Yes, mama?" askari wa kaunta akasema.

Nilifungua mkoba. Cheti nikakiacha, nikatoa ripoti ya shule ya Shekinah iliyokuwa imelala mkobani, nikasema nataka mhuri kwenye nakala, maana hapa polisi ndio wanaothibitisha nakala. Akapiga mhuri. Akaniambia mtoto wako ana akili ya hesabu. Nikamshukuru, nikatoka, na sikusimama mpaka nilipofika kwangu.

Ijumaa ikapita.

Shekinah ni binti yangu, ana miaka kumi na minne. Kiswahili anakisikia chote lakini hakisemi. Mimi namwongelesha kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza cha shule, na akiwa na hasira kwa Kizulu, nisielewe vizuri. Jumamosi aliichukua simu yangu kuangalia kitu chake, akakuta ujumbe wa Kagendo. Ujumbe ulisema kwamba kiapo hakikufika, kwa hiyo linachongwa jina la Octave Wilondja, na kwamba kila familia yenye mtoto imlete, aje kwenye maikrofoni alitaje jina la mzazi wake.

Aliniletea simu mpaka kwenye cherehani. Akaniuliza kwa nini ukutani ni jina la Uncle Octave, na aliyekufa ni Papa.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia habari za dirisha la hospitali na mkono wangu ndani ya koti. Alikuwa na miaka tisa baba yake alipokufa, na kila mwaka aliniomba nimpeleke kaburini. Kila mwaka nilimwambia watoto hawaruhusiwi, ni kwa sababu ya ugonjwa. Alikumbuka hilo kwanza.

"Kwa hiyo ulikuwa unanidanganya," akasema kwa Kiingereza.

"Nilikuwa naogopa."

"Unamwogopa nani?"

"Wote, mwanangu. Nawaogopa wote."

Alikaa kitandani amekumbatia magoti. Akauliza jina la Papa sasa liko wapi. Nikasema haliko mahali popote. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Aliniuliza tu, Uncle Octave wakimkamata watampeleka wapi. Nikamwambia watamrudisha Kongo. Akauliza kama kule kuna vita bado. Nikamwambia ndiyo.

Asubuhi ya tarehe kumi na moja, tukiwa tunavaa, nilimwambia akifika kwenye maikrofoni aseme tu baba yangu, basi, jina asitaje, ashuke. Akasema sharp, mama. Ndiyo jibu la watoto wa hapa kwa kila kitu, huwezi kujua wamekubali au wamekuzima.

Ninakiri kitu kimoja, kwa kuwa nimeamua kusema yote. Moyoni nilitaka aseme Ezéchiel. Niliwahi kufika kaunta nikashindwa, na nilitaka mtoto anisemee. Nilitaka na nikaogopa kwa pamoja.

Ukuta waliujenga kwenye makaburi yale yale alikozikwa Ezéchiel, upande wa Soweto. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imechoma majani yote, na pumzi za watu zilionekana. Waliweka hema kubwa jeupe, viti, na mbele yake ukuta umefunikwa kitambaa cha zambarau. Mstari wa kwanza walikaa wakubwa. Pembeni yao wanaume wawili wenye makoti ya Mambo ya Ndani, mmoja mzee wa mvi, mwingine kijana mwenye kompyuta ya kupakata wazi magotini. Polisi walikuwa getini na wengine wawili nyuma ya hema. Nilihesabu njia za kutoka. Ilikuwepo moja.

Octave alikuwa ameshafika. Nilimwambia asije, nikamwapisha asije, akasema hawezi kumwacha kaka yake aitwe peke yake hata kama anaitwa vibaya. Alikaa kiti cha mwisho kabisa, na alikuwa amevaa barakoa. Mamia ya watu wamekuja kukumbuka Korona, na barakoa ni yeye mmoja tu.

"Vua hiyo," nikamnong'oneza. "Unaonekana zaidi."

"Siwezi, shemeji," akasema. Kweli hakuweza. Vidole vilikataa.

Wakaanza kusoma. Mnajua W iko wapi kwenye alfabeti. Tulingoja A yote, B yote, D ndefu isiyoisha ya akina Dlamini, na kila jina likisomwa familia inasimama, mtu anaweka ua, mtoto anasema jina, watu wanalia. Mimi sikuweza kulia na wenzangu. Kila herufi ilikuwa inatukaribia. Walipofika M nilianza kuomba mvua. Walipofika S yule kijana wa kompyuta alikuwa anapiga miayo, na nikamwomba Mungu alale. Mkononi nilikuwa nimeshika kiganja cha Shekinah, kilikuwa kikavu, kimetulia, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Octave Wilondja."

Walilitamka vibaya, lakini lilikuwa jina lake. Shekinah akainuka. Nilimshika sketi, akaitoa mkononi mwangu taratibu kama anavyotoa uzi uliong'ang'ania, akaenda.

Pale mbele mwanamke wa itifaki alimshushia maikrofoni, akamwambia asijali, achukue muda wake. Mtoto akatazama ukuta, halafu akawatazama wale wawili wenye makoti. Kisha akainua macho mpaka mwisho wa hema, mpaka kiti cha mwisho, kwenye ile barakoa moja. Aliitazama kwa muda mrefu, watu wakaanza kugeuka.

Moyo wangu ukasema, sema, mwanangu, sema. Na moyo huo huo ukasema, usiseme.

Alisema kwa Kiswahili. Tangu aanze darasa la kwanza sikuwahi kusikia sentensi nzima ya Kiswahili kinywani mwake, na pale mbele ya serikali alisema vizuri, kila neno mahali pake.

"Baba yangu alikuwa Octave Wilondja."

Halafu hakushuka. Alibaki amesimama, ametutazama, na nikaelewa anangoja nini. Alikuwa anangoja tuitike. Jumapili zote zile kanisani, akiwa ameinamia simu yake, alikuwa anasikia.

Nikafungua kinywa. Kinywa kikakataa. Nawaambieni nilikisukuma, lakini siwezi kumwitikia mume wangu kwa jina la mtu mwingine, na siwezi kumzika mtu aliye hai nyuma yangu. Kijana wa Mambo ya Ndani akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Mzee wa mvi akageuka kutazama familia ya Octave ni ipi, na mbona iko kimya.

"Alikuwa wetu," ikasema sauti kutoka nyuma.

Ilikuwa ya Octave. Ilipita kwenye kitambaa cha barakoa ikatoka nzito, imekauka. Alijiitikia mwenyewe. Watu walio karibu wakamgusa bega kwa huruma, wakadhani analilia ndugu yake. Shekinah akaweka ua, akarudi, akakaa. Wakasoma jina lililofuata.

Ukuta ulipofunuliwa sikutaka kuangalia, nikaangalia. Jina lilikuwa chini, kulia, karibu na mwisho, limechongwa safi. Halitafutika. Nilijisikia nimeibiwa, na mwizi ni mimi.

Nilitaka tuondoke mara moja, lakini njia ya kutoka ilipita kwenye meza ya chai, na kwenye meza ya chai kulikuwa na kitabu cha mahudhurio. Aliyekishika alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti jekundu. Aliposema "Karibuni" nikaijua sauti ile. Kagendo. Na kando yake, amesimama na kikombe, anasoma kila kinachoandikwa, yule mzee wa mvi.

"Wewe ndiye mama Victoire," Kagendo akasema. Akaniandika. Akamwandika Shekinah, akamsifu kwamba ameongea vizuri. Kisha akamgeukia Octave. "Na wewe, ndugu yangu? Jina?"

Nilimwona anafikiri. Jina la Octave halikuwezekana kusemwa, Octave alikuwa amechongwa hatua tatu kutoka pale. Jina la uongo kabisa hakuwa amejiandaa nalo, sisi si watu wa kujiandaa. Mzee wa mvi alikuwa anakunywa chai kidogo kidogo, anangoja. Octave akashusha barakoa mpaka kidevuni, kwa kuwa kuiacha kungekuwa vibaya zaidi, na ile sura ya babu ikatoka yote.

"Ezéchiel," akasema. "Ezéchiel Wilondja."

Kalamu ya Kagendo ikasimama. Jina hilo alilijua tangu ile Jumatatu. Alinitazama mimi, akautazama ukuta, akamtazama Octave, na niliona jambo zima linapanda usoni mwake, hatua kwa hatua. Mzee wa mvi akashusha kikombe. Akamuuliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo. Nikashika ukingo wa meza, vijiko vikagongana.

"Yeye ni nani kwa marehemu?" Kagendo akauliza kwa Kiswahili. Sauti yake haikuwa tena ya zulia.

"Kaka yake," Octave akasema.

"Kaka yake," Kagendo akamtafsiria mzee, na akainama kuandika.

Sikupanga nilichofanya. Ni kwamba jina lilikuwa limetamkwa, lote zima, kwa sauti, kwenye makaburi alikozikwa na mbele ya serikali, na aliyelitamka ni mtu wa damu yake. Kinywa kile kile kilichokataa kikafunguka chenyewe.

"Alikuwa wetu," nikasema. Na Shekinah akasema nami, pamoja, neno kwa neno.

Mzee akauliza tumesema nini. Kagendo hakuinua kichwa. Alikuwa anamalizia herufi, polepole, mpaka ile alama ndogo juu ya e. "Wanaomba," akamjibu. Mzee akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono apewe kitabu, na sisi tukaondoka bila kukimbia. Mgongo wote uliniwasha mpaka getini. Hakuna aliyetuita.

Nje, kwenye robot ya barabara kubwa, nilisimama nikafungua kitambaa cha kichwani. Baridi ilinipiga masikioni. Miaka mitano. Octave alikuwa bado na barakoa kidevuni, amesahau kuitoa.

"Mama Shekinah," akasema, "keshokutwa nikifika dirishani wakiniuliza jina, nitasema mimi ni nani?"

Shekinah akaja akasimama katikati yetu, akatushika mikono yote miwili kungoja taa. Viganja vyake sasa vilikuwa vimelowa jasho.